Dereva Tumempata, Bado Utingo

Same mjini

Baba,

Shikamoo. Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumjulia hali unayemwandikia, nami nimekaa na kalamu hapa nikaona kwako hilo nilipite. Basi nianze na hali zetu. Mama hajambo. Kaka Mbonea hajambo, ameongeza tumbo. Mimi bado niko palepale stationery, karibu na stendi, napiga watu picha za paspoti na kuwachapia barua za kuomba kazi. Leo ni siku ya gulio, wateja wote wako huko, kwa hiyo nina nafasi ya kukueleza habari za televisheni yako.

Ndiyo, ileile. Najua ungeiulizia hiyo kabla ya wajukuu.

Tuanzie kwenye matanga. Ulizikwa vizuri, Baba. Kwaya iliimba mpaka sauti zikawakauka, na mvua iliyokuwa imening'inia tangu asubuhi ikatuhurumia, ikangoja tumalize. Siku ya kuanua matanga wazee wa ukoo wakakaa kwenye mabenchi nyuma ya nyumba, wakaanza kugawa vitu vyako. Kila kitu kilishikwa juu, kikatajwa, kikapata mwenyewe. Koti lako jeusi, panga, redio ya mkulima, kiti cha kukunja ulichokuwa ukienda nacho kanisani kwa ajili ya mgongo.

Sasa kasheshe ilianzia hapo. Sisi nyumbani tulizoea kusema "televisheni ya Baba", lakini wazee hawakuona televisheni yoyote. Waliona kompyuta yangu kuukuu ya chuo niliyokuachia. Waliona kidude cha kuchomeka kwenye USB, kile ulichokinunua Moshi, kinachonasa matangazo ya dijitali. Waliona antena juu ya mti mrefu uliousimika pale pembeni mwa migomba. Na kile kisahani cha CD kilichokuja na kidude wala hawakukiona. Kwa hiyo wakavigawa.

Kompyuta nikapewa mimi, "aliyesomea mambo hayo." Antena akapewa Mbonea, maana walisema mtoto wa kiume ndiye anayerithi kinachosimama juu ya nyumba. Hiyo sheria sijui waliitoa wapi, nadhani waliitunga palepale. Kidude kiliposhikwa juu, mzee mmoja akasema ni flash, na kwa kuwa baba mdogo Eliamini wa Maore ndiye mpenzi wa kwaya katika ukoo, akapewa akajazie nyimbo. Mimi wakati huo nilikuwa jikoni napakua makande. Nilipotoka nje na ndoo ya maji ya kunawa, kila kitu kilikuwa kimeshapata mwenyewe, na mbele ya wazee huwezi kusimama ukasema rudisheni. Nikawanawisha mikono.

Hivyo ndivyo televisheni yako ilivyozikwa mara ya pili, Baba, vipande vipande, na kila mtu akishukuru kwa fungu lake.

Baadaye kompyuta nayo ikafa diski. Nikaiwekea nyingine, na kwa kuwa mashine yenyewe imezeeka nikaipa mfumo wa Linux badala ya Windows, maana haiichoshi. Mafaili yako yote yalikwenda na diski ile. Sikuumia sana siku hiyo, kwa sababu sikuwa na haja ya televisheni. Haja ilikuja kutoka kwa Mama.

Unakumbuka ilivyokuwa jioni kule nyumbani Mhezi, mlimani. Saa mbili kasoro hivi unaweka kompyuta juu ya meza, unaiegemeza kwenye Biblia kubwa ili wa nyuma nao waone, na hodi zinaanza. Mzee Sefania na tochi yake, akija kubishana na msomaji wa taarifa kana kwamba anasikika. Majirani wa chini ya njia, wengine na watoto mgongoni. Kioo chenyewe upana wake kama sinia la chai, na watu wamebanana wanakitazama na kucheka. Picha ikikatika unatoka nje kuuzungusha mti wa antena, unapaza sauti, "Imekuja?", mpaka Mama akujibu. Mama akilalamika kuwa sakafu inajaa tope, na huku birika limeshajazwa chai ya tangawizi ya kuwatosha wote.

Ulipoondoka, hodi zikaendelea muda wa matanga, kisha zikapungua, kisha zikaisha. Si kwamba watu walimchoka Mama. Nimewaza sana jambo hilo. Watu wa kwetu wana haya, hawaendi kukaa kwa mjane jioni bila sababu, na sababu tulikuwa tumeigawa nyuma ya nyumba. Mzee Sefania alikuwa akimsalimia Mama kutoka njiani, anasimama kidogo, anatazama mlango, anapita.

Mama akanipigia simu akaniambia, "Nakijwa mwanangu, hapa hata hodi siisikii tena. Napika, nakula, nazima taa." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya maharage. Afadhali angelia, ningejua la kumjibu.

Mbonea naye akapata la kufanya. Unamjua tu mwanao, hawezi kuona jambo likimuumiza mtu bila kutafuta gari. Akasema maharage yakishavunwa atapanda na pikapu, ampakie Mama na vitu vyake, aje akae kwake Same, chumba kipo, hospitali iko karibu. Mbuzi watauzwa, nyumba itafungwa. Mama akaitikia kwa neno moja, "Haya." Na mimi sikuweza kumlaumu Mbonea, maana alikuwa anasema kwa mapenzi. Lakini nyumba ya Mhezi ikishafungwa, Baba, haitafunguliwa tena. Tumeziona za wengine. Inaanza kufuli, yanafuata majani mlangoni, halafu siku moja mtu anasema lile bati linaweza kusaidia kwenye banda la ng'ombe.

Sikuwa na hoja ya kumshinda kaka. Nilikuwa na kompyuta. Nikamwambia siku atakayopanda aje na ile antena. Akanitazama: "Unamwekea Mama televisheni siku anayohama?" Nikamwambia lete tu, kaka, usiulize.

Nikaenda Maore kwa njia ya Kisiwani kufuata kidude. Joto la huko chini unalijua, nilifika nimelowa. Baba mdogo Eliamini akanikaribisha vizuri, akanipa maji, kisha nilipotaja shida yangu akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo flash ya marehemu kaka ina kiburi! Imekataa nyimbo zote!" Kumbe alishaipeleka kwa kila kijana mwenye kompyuta pale Maore, na kila mmoja akamwambia imekufa, na yeye hakuitupa kwa sababu ni yako. Alikuwa ameifunga kwenye leso, ndani ya kikombe, juu ya kabati. Nilipomweleza kwamba si flash ila ni kinasa matangazo ya televisheni, akakishusha kikombe kutoka kabatini. "Basi tulimnyima shemeji macho yake," akasema. Akanipa na leso yake.

Nikarudi Same nikaanza kazi ya kumtafuta dereva.

Unakumbuka siku ulipoleta kidude hiki kutoka Moshi, Krismasi ile? Nilikuwa nimekaa chini na kompyuta mapajani, nakwambia bado natafuta draiva. Ukauliza draiva ndiye nani. Nikakueleza: ni programu inayoifundisha kompyuta namna ya kukiendesha hiki kitu. "Dereva, basi," ukasema, "sema dereva." Nikaendelea, nikakwambia kuna kingine kinaitwa fimwea, programu ndogo inayoingia ndani ya kidude chenyewe ili kiamke, na bila hiyo dereva atakaa tu na usukani. Na kwamba kidude hiki hakihifadhi kitu. Ukikichomoa kinasahau, ukikichomeka tena lazima kipewe upya. Ukafikiri, ukakuna kidevu, kisha ukasema, "Huyo ni utingo."

Mama aliuliza utingo wa nini. Ukamkumbusha lori la Mhezi lilivyokuwa likipanda na mzigo, hata dereva awe hodari kiasi gani, pale kwenye kona kali gari haliendi mpaka utingo aruke aweke jiwe nyuma ya tairi. "Gari la mlimani halina dereva peke yake." Tangu hapo nyumba nzima ikawa inasema hivyo. Kompyuta ikigoma, Mama anapaza sauti kutoka jikoni: "Dereva yupo? Na utingo?"

Kutafuta dereva mtandaoni, Baba, ni kazi ya kumtoa mtu imani. Nilianza na jina lililoandikwa kwenye ganda la kidude. Zikaja kurasa nyingi, kila moja imejaa vitufe vya kijani vinavyosema pakua, pakua, na ukipakua unapata kitu kingine kabisa kinachotaka kukagua kompyuta yako au kukuuzia dawa ya virusi ambavyo kimevileta chenyewe. Nilipoteza siku nzima hapo, nagombana na skrini, mteja mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, lakini si leo.

Ndipo nikakumbuka ulivyozoea kusema pale mtu alipodanganywa na kitu cha dukani: "Wewe umeuliza jina la shati. Muulize jina lake mwenyewe." Ganda ni shati. Viwanda vinanunua maganda ya namna moja na kutia ndani chipu za aina mbalimbali, na vidude viwili vyenye jina moja dukani wala havijuani. Lakini kila kifaa cha USB kinazo namba zake za kuzaliwa, moja ya kiwanda na moja ya kifaa chenyewe, na kompyuta ukiiuliza inazisoma. Nikaiuliza. Nikatafuta kwa namba badala ya jina, na mchana huohuo nikajua ni chipu gani. Kumbe Linux ilikuwa na dereva wake tangu mwanzo, amekaa ndani kimya anangoja aitwe.

Nikampigia Mama. "Dereva tumempata, bado utingo." Kwa mara ya kwanza tangu msiba nikasikia pumzi ya kicheko upande wa pili. "Mtafute," akasema.

Utingo ndiye aliyenitesa. Nilipokichomeka kidude, kompyuta ikaandika wazi kwamba inalitaka faili fulani na hailioni, ikataja na jina lake, herufi na namba ndefu kama namba ya injini. Nilipolitafuta nikapata ndugu zake, mafaili yanayofanana naye mpaka mwisho wa jina. Nikayajaribu. Taa ya kidude ilikuwa inawaka mara moja na kuzima. Chipu ilikuwa toleo jingine, na fimwea ya toleo jirani haiikubali.

Hapo ndipo nililia, Baba. Pale dukani, mashine ya kopi ikiwa inanguruma. Si kwa sababu ya faili. Nilikuwa nasoma maelezo ya mtu kwenye jukwaa moja la mtandaoni, ameandika kwamba kifaa hiki hakina kumbukumbu, kila kikiamka hakijui lolote, lazima kiambiwe upya. Na mimi ndivyo ninavyoamka. Kila asubuhi kuna kipande kidogo ambacho sijakumbuka kwamba umekufa, nawaza nikupigie nikuulize kama mvua imenyesha, kisha naambiwa upya. Nikajua Mama naye yuko hivyohivyo, peke yake, na hakuna mtu anayepiga hodi kumpunguzia.

Nikajipangusa na leso ya baba mdogo, nikaendelea kusoma. Mtu yule aliandika kwamba ukikosa faili, mtafute utingo ndani ya dereva wa Windows aliyekuja na kifaa, maana huwa amelala humo ndani ya faili lake, na ipo programu ndogo ya kumwamsha na kumtoa. Hakusema utingo, hilo nimeongeza mimi. Lakini dereva wa Windows wa kidude hiki hayupo tena mtandaoni. Alikuwa kwenye ile CD.

Nikampigia tena Mama, nikamwuliza kuhusu kisahani kidogo kilichokuwa kwenye droo. "Kile kinachong'aa? Si kiko shambani kinafukuza ndege."

Baba, nilipanda Mhezi kesho yake, kompyuta na kidude mkobani. Maharage yalikuwa yamekauka, mengi yameshang'olewa na kutiwa magunia. Na pale katikati ya shamba, kwenye kijiti, kimefungwa kwa uzi wa katani, utingo wetu anazunguka na upepo, anamulika bonde zima. Mama alikuwa amejisifu kwamba hua wote wamekimbia, ila ngedere tu ndio hawaogopi. Kilikuwa kimekwaruzwa na kijiti, na upande mmoja kimepata vumbi lililoganda kwa umande. Nikakiosha kwa sabuni, nikakipaka dawa ya meno, nikakisugua taratibu kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda pembeni, Mama amesimama nyuma yangu ananikagua. "Unamswaki?" akauliza. Nikasema ndiyo, Mama, namswaki.

Kompyuta ilikipokea kwa makelele. Ikakwama, ikavuma, ikanyamaza, ikavuma tena. Nilikitoa nikakiswaki upya, nikakirudisha. Mafaili mengine yalikataa kabisa kusomeka. La dereva likasomeka. Nikaipa ile programu ndogo kazi yake, likatoka faili dogo mno, dogo kuliko picha moja ya paspoti, nikaliweka mahali pake kwa jina lilelile lililoombwa. Nikachomeka kidude. Taa ikawaka, na haikuzima. Mama akaitazama, kisha akaenda kuinjika maji ya chai, chai ya watu wengi. Nilisikia anavyojaza birika.

Mbonea alifika siku ya pili alasiri na pikapu na antena. Vitu vya Mama vilikuwa vimeshafungwa, sufuria ndani ya beseni, vitenge ndani ya sanduku. Giza likaanza kuingia. Kaka alivua viatu akapanda ule mti wako, akaifunga antena, akashuka, akaushika mti kwa mikono miwili kama ulivyokuwa ukiushika, tayari kuuzungusha kuelekea pengo la mlima yanakopita matangazo. Mimi nilikuwa ndani, nimeiacha kompyuta itafute chaneli. Mama amekaa kwenye stuli yake. Mzee Sefania alikuwa ameona antena akiwa njiani, naye amekwisha kusimama mlangoni na tochi yake, bado hajaamua kama aingie.

Na Mbonea akapaza sauti kutoka nje: "Imekuja?"

Baba, ilikuwa sauti yako. Sikuwahi kujua kwamba Mbonea anayo. Labda hakuwahi kuwa na sababu ya kuipaza kutoka pale, kwa neno lile. Mama akaweka mkono mdomoni. Mimi nilikuwa naangalia skrini, bado nyeusi.

"Imekuja?"

Picha ikatokea, ikaganda, ikakatika vipande, ikajikusanya. Msomaji wa taarifa akaanza kusema katikati ya sentensi. Na Mama akasimama, akajibu kwa ile sauti yake ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde: "Imekuja! Usiiguse! Acha hapohapo!"

Ndipo Mzee Sefania akapiga hodi, ingawa mguu mmoja ulikuwa umeshaingia. Kabla ya habari za michezo kuanza sakafu ilikuwa imejaa tope. Mbonea aliingia, akatafuta pa kukaa akakosa, akasimama nyuma ya watu akiwa na majani ya migomba kichwani, akatazama jinsi Mama anavyogawa vikombe na kulalamika. Hakutaja safari. Watu walipokuwa wanaaga, Mama akamwambia, hata hakugeuka, "Mbonea, kesho usinipakie mimi. Pakia maharage."

Asubuhi akapakia maharage. Ile antena akaiacha. Alisema mwenyewe kwamba atawaambia wazee fungu lake ameamua kulitunza huku juu.

Sasa hivi Mama anajua kila kitu. Umeme ukikatika na kurudi, anachomoa kidude, anakichomeka, anangoja utingo apande. Juzi alinipigia kulalamika kwamba Mzee Sefania anamaliza sukari. Nimeweka nakala ya lile faili hapa dukani, nyingine kwa Mbonea, na nyingine, usicheke, kwa baba mdogo Eliamini, ndani ya flash ya kweli, pamoja na nyimbo zake. CD imerudi shambani kwa amri ya Mama, kwa sababu hua waliporudi hakutaka hadithi.

Wateja wameanza kurudi kutoka gulioni, inanibidi nifunge barua. Pumzika, Baba. Nakuahidi nyumba haitafungwa nikiwa hai, na kila kidude hiki kitakaposahau nitakikumbusha, hata kama ni kila siku. Mimi mwenyewe nitaendelea kuambiwa upya asubuhi, nimeanza kuzoea.

Na kama huko uliko umeushika mti wowote na unangoja jibu letu: imekuja, Baba. Usiiguse. Acha hapohapo.

Mwanao,
Nakijwa